Bangili Nyeusi ya Mpuliza Salfa

Kabla hujawasha mashine, chota salfa kwa ncha za vidole uinyunyize juu ya maji kwenye bakuli. Salfa safi inaelea, hailowi upesi. Kinachozama si salfa. Ni majivu, au udongo, au unga wa kitu anachokijua yule aliyekuuzia. Nawaanzia hapo, wanangu mnaojifunza kupuliza mikorosho, kwa sababu wengi wenu mkija kwangu mnauliza habari za injini. Injini ikikusumbua asubuhi moja utaipeleka kwa fundi, yamekwisha. Salfa ya uongo itakusumbua msimu mzima, na mwenye shamba hatamlaumu muuzaji. Atakulaumu wewe uliyepita na mashine mgongoni.

Nimepuliza tangu nikiwa msichana mpaka mgongo wangu uliponiambia sasa inatosha. Nimepuliza Newala, nimeshuka nikapuliza Masasi, nimefika mpaka mashamba ya nyuma ya Ndanda. Siku hizi nakaa barazani nawaona mkipita alfajiri na barakoa zenu nene na miwani ya plastiki. Wengine nasikia mna videge vinavyoruka vyenyewe juu ya mikorosho, na mpulizaji amesimama pembeni ameshika rimoti, viatu vyake havijagusa umande. Nawaonea wivu. Sisi tulijifunga kanga puani, tukapaka mafuta ya nazi usoni ili salfa isiwashe, na jioni bado tulilia kama wafiwa.

Mtanivumilia. Maneno yangu haya yana wivu mwingi, na huo ninaowaonea ninyi ndio mdogo. Ule mkubwa ni wa kumwonea mdogo wangu, Zuhura.

Tulibaki wawili. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla matanga ya baba hayajasahaulika. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi, Zuhura ameanza kung'oa meno ya utoto. Mama alipoona hatapona aliivua bangili yake, akanivisha mimi. Ilikuwa bangili ya fedha, nene, nyeupe kama mwezi, ambayo bibi aliipata Lindi enzi za usichana wake. Kwetu bangili ya namna hiyo haiendi kwa mtoto wa kiume. Inafuata tumbo: mama kwa binti, na pasipo na binti, basi kwa binti wa dada au wa mdogo. Kila msichana wa nyumba yetu huivaa siku ya harusi yake. Mama akaniambia, "Isitoke mkononi mpaka umpate wa kumvisha." Sikuivua. Niliacha shule, sikuivua. Nikaenda kutafuta kazi nikiwa nayo.

Mpulizaji mkubwa wa upande wetu alikuwa Mzee Chande. Nilimkuta na vijana wake wakisafisha mashine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Nimejituma mwenyewe. Nataka kupuliza."

Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mgongo wa mwanamke ni wa mtoto, si wa injini."

"Mtoto ninaye," nikamjibu. "Nimeachiwa na mama. Sasa naitaka injini."

Mzee Chande hakucheka. Alisema tu, "Mvisheni." Wakanitwika mashine ile, mikanda ikanikata mabega, injini ikawashwa ikanitetemesha mpaka meno. Nikatembea mstari mzima wa mikorosho na kurudi. Nilipofika alinitazama akasema, "Umesimama upande mbaya wa upepo." Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Nilipofuta macho niliona njano kila mahali, hata kwenye kope.

Alinifundisha mengi, na mengi niliyafahamu kwa kukemewa. Salfa hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umelala. "Salfa haimshiki mkorosho," alikuwa akisema. "Umande ndio unaoishika salfa." Jua likipanda umande unakauka, upepo unaamka, na salfa unayopuliza inakwenda kulala kwa jirani ambaye hajakulipa. Usisubiri ugonjwa wa ubwiri unga ujae kwenye maua ndipo uje. Ukishaona maua yamepakwa weupe kama yamemwagiwa unga wa muhogo, umechelewa. Na usitie petroli injini ikiwa ya moto. Salfa inawaka. Kijana mmoja katika wale walionicheka alijaza tangi huku sigara iko mdomoni. Alirudi nyumbani bila nyusi. Mkewe akamuuliza ni jando gani hilo linaloanzia usoni.

Sasa ile habari ya bakuli la maji. Tuliitwa kwenye shamba moja kubwa, na mwenye shamba mwenyewe ndiye aliyenunua salfa. Alikuwa mtu wa hesabu kali. Aliona mifuko haitoshi, akaongeza majivu ya jikoni, akakoroga vizuri, rangi ikabaki njano njano. Mimi sikuona kitu. Mzee Chande alichovya kidole, akasaga vumbi lile kati ya vidole, akaomba maji kwenye kata.

"Maji ya nini?" mwenye shamba akauliza. Kwetu uwanda huu maji huombi ovyo. Mtu ana kisima chake cha kukingia mvua ya paa, anayatunza kama mahari ya binti.

"Ya kuagulia," akasema mzee.

Akanyunyiza. Njano ikabaki juu, kijivu kikashuka chini polepole. Kisha akachukua kijiko cha bati, akatia vumbi kidogo, akaliwasha. Salfa ikaungua na mwali wa buluu, harufu ikatukaba koo, na ulipozimika kilichobaki kijikoni kilikuwa majivu matupu. Mwenye shamba akakohoa, akasema labda ni vumbi la njiani.

"Njia gani hiyo inayopita jikoni kwako?" mzee akamuuliza.

Tukiwa tunarudi akanieleza. "Umeona? Salfa na majivu wamelala chumba kimoja tu, hawajaoana. Ukitaka, robo majivu. Ukitaka, nusu. Hawaulizani. Na asubuhi kila mmoja anachukua mkoba wake anakwenda. Maji yanawatenganisha."

Nililitunza neno hilo. Kwa muda mrefu nilidhani ndilo neno lote, kwamba kila kilichochanganyika kinaweza kutengana ukiwa na maji na subira. Maji na subira nilikuwa navyo. Kumbe lilikuwa nusu ya neno, na nusu ya pili ililetwa na Zuhura kutoka shuleni.

Alikuwa sekondari wakati huo, amekuja likizo. Mimi ndiye niliyemsomesha, kwa mgongo huu. Alikuja na sketi yake ya bluu na Kiswahili cha darasani, akanikuta na Mzee Chande tukigawa salfa kwenye ndoo. Akasema, "Dada, nipe salfa kidogo nikuonyeshe kitu." Alikuwa ameokota vumbi la chuma kwa fundi baiskeli, lile linalodondoka chini ya tupa, na sumaku ametoa kwenye spika ya redio mbovu.

Akachanganya chuma na salfa kwenye karatasi. Ikawa unga wa njano wenye madoa ya kijivu. Akaifunga sumaku kwa karatasi nyembamba, akaipitisha juu. Chuma chote kikaruka kikajishika kwenye sumaku kama siafu, salfa ikabaki chini. "Huu ni mchanganyiko," akasema. "Chuma bado ni chuma, salfa bado ni salfa."

"Tunajua," nikamwambia. "Wamelala chumba kimoja, hawajaoana."

Mzee Chande akatabasamu. Mimi nikafurahi kwamba nimewahi kusema.

"Vizuri, Dada," Zuhura akasema, kama mwalimu anayemsifu mtoto. Nikaacha kufurahi. Akarudisha chuma kwenye salfa, akaumimina unga wote kwenye kopo la bati, akaliweka juu ya jiko la mkaa pale uani, akatuambia tusimame upande unakotoka upepo. Kopo likapata moto. Ndani yake pakaanza kuwa pekundu, akaliondoa jikoni, na ule wekundu haukuzima. Uliendelea wenyewe bila mkaa, ukatambaa mpaka ukamaliza unga wote. Sijawahi kuona kitu kikijichochea namna ile. Ulipopoa akagonga kopo, kikatoka kinofu cheusi, kigumu. Hapakuwa na njano hata chembe. Akakiponda, akaleta sumaku. Hakuna kilichoruka. Akaleta bakuli la maji yangu. Hakuna kilichoelea.

"Chuma kimekwenda wapi?" Mzee Chande akauliza.

"Kimo humo humo. Na salfa imo humo humo. Lakini si mchanganyiko tena, ni kampaundi. Kimekuwa kitu cha tatu chenye tabia zake. Na huwa hakikubali kipimo chochote tu, mzee, kama majivu yako. Chuma kikizidi, kile kilichozidi kinabaki pembeni na sumaku inakichukua."

"Basi hawa wameoana."

"Wameoana kwa mahari maalumu," Zuhura akasema, na wote wawili wakacheka.

"Na talaka?"

"Talaka ipo. Ila sumaku haiitoi, wala maji, wala ungo. Mpaka kije kitu kingine chenye nguvu kiingilie ndoa, kimpokonye mmoja."

Mzee Chande alikigeuza kile kinofu kiganjani kwa muda. Kisha akaniambia, "Huyu mdogo wako ana kichwa."

Wanangu, nilikuwa nimembebea mzee yule mashine misimu kwa misimu. Nilishajua kusoma umande kwa kisigino. Neno kubwa alilowahi kuniambia ni kwamba nimesimama upande mbaya. Na huyu kaja asubuhi moja na sumaku ya redio mbovu, amepewa kichwa. Nilichukua ndoo yangu nikaenda kazini. Vitu vyote alivyovitumia vilikuwa vyangu: salfa yangu, mkaa wangu, bakuli langu. Ada ya hiyo shule iliyomfundisha neno kampaundi, yangu. Neno lenyewe tu ndilo lililokuwa lake, na ndilo nililolitaka.

Bangili ilianza kubadilika mapema, ila mabadiliko yalikuwa ya polepole na mimi nilikuwa na mengi. Kwanza ilikuwa ya manjano hafifu, kisha hudhurungi, kisha nyeusi, nyeusi ya masizi. Nilisema ni uchafu wa kazi. Salfa ikikaa kwenye majani, mvua inaiosha. Ikikaa kwenye nywele, unaiosha. Kwa nini isiosheke kwenye bangili? Nikaiosha kwa sabuni. Nikaisugua kwa majivu, kwa mchanga laini wa bondeni, kwa limao, kwa dawa ya meno. Kila Idi niliisugua mpaka mkono ukaniuma. Ilikuwa inang'aa kidogo, msimu wa kupuliza ukifika inarudi nyeusi kuliko mwanzo. Nikawa mtu wa maji na subira. Mzee Chande alikuwa ameniambia maji yanatenganisha.

Siku ya harusi ya Zuhura niliivua kwa mara ya kwanza tangu mama alipofariki. Nilikuwa nimeisugua usiku kucha wa siku iliyotangulia. Nikampelekea ndani, akiwa amekaa na hina mikononi, mashoga zake wa chuo cha ualimu wamemzunguka.

"Mkono," nikamwambia.

Aliitazama. "Dada, si kwa ubaya. Watasema nimevaa chuma."

Mashoga zake wakatazama pembeni. Bwana harusi alikuwa ameleta bangili za dhahabu. Akavaa zile. Nami nikairudisha ya mama mkononi mwangu, nikaenda kusimamia pilau. Wote walioniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu niliwaambia ni moshi. Mpulizaji ana bahati hiyo, hakuna anayeshangaa macho yake.

Nilizaa watoto wa kiume tu, Shaibu na nduguye. Zuhura akamzaa Rehema. Kwa hiyo mwaona palipofika: bangili niliyoibeba mimi, iliyokataliwa na mama yake, haikuwa na pengine pa kwenda ila kwa mtoto huyo. Tumbo ndilo linaloamua. Nilimpenda Rehema, na kila nilipompakata nilikuwa nahesabu siku atakayokuja kuivua mkononi mwangu.

Ikafika. Alipata mchumba kijiji cha Mnyambe, kijana mkulima mwenye mikorosho yake. Walipanda kutoka Masasi, yeye na mama yake, wakanikuta nachambua choroko.

"Shikamoo, Mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Mapenzi hayo."

Akacheka, akanikalia karibu, akaushika mkono wangu. Akaizungusha bangili. "Mama mkubwa, hii ni ya fedha kweli?"

Kabla sijafungua mdomo Zuhura akajibu, "Ni ya fedha. Ila hii juu si fedha, ni kampaundi. Fedha na salfa. Mama yako mkubwa amepuliza miaka yote ameivaa, na jasho likasaidia. Inaondoka."

"Haiondoki," nikasema. "Nimeisugua toka wewe hujavunja ungo."

"Kwa kusugua haiondoki vizuri. Nipe sufuria ya alumini, Dada. Na magadi yale ya kulainishia maharage. Na chumvi, na maji ya moto."

"Maji kiasi gani?"

"Yafunike bangili."

"Kisima changu kiko nusu."

"Dada."

"Na siku yako hukuitaka. Leo unaitaka."

Rehema alitutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayeangalia mbuzi wawili darajani. Akasema taratibu, "Mama mkubwa, mimi nitaivaa hata ikiwa hivi hivi. Nimeuliza tu."

Ndipo nikabanwa. Ningemnyima sufuria, mtoto angevaa nyeusi, na watu wangemcheka kwa ajili ya kijicho changu. Ningeitoa, yangekuwa mawili. Ama Zuhura aiharibu, na kitu pekee cha mama kiishie kwenye maji ya magadi. Ama ing'ae, na aonekane tena ana kichwa. Niliomba yote mawili yasitokee, nikaenda kuchukua sufuria.

Bangili iligoma kutoka, mkono ulikuwa umenenepa kuizunguka. Tukapaka mafuta. Ilipopita kwenye vifundo vya vidole niliona alama yake kwenye ngozi, pete ya weupe iliyozunguka kifundo, na nikajisikia kama nimesimama uani bila nguo.

Zuhura aliilaza kwenye sufuria, ikagusa chini. "Lazima iguse," akamwambia Rehema. Akatia magadi na chumvi, akamimina maji yaliyochemka. Vikapanda vipovu vidogo. Ikaja harufu ya yai viza, hafifu, nikaitambua papo hapo.

"Hiyo ni salfa," nikasema.

"Ndiyo hiyo, Dada. Inaondoka. Unamkumbuka Mzee Chande na talaka yake? Alumini ndiyo imeingilia ndoa. Salfa inaiacha fedha."

Nilichungulia. Weusi ulikuwa ukifunguka kama ukungu unavyofunguka bondeni ukiutazama kutoka ukingoni Newala. Pakatokea kipande cheupe, kikakutana na kingine. Choroko zangu zingechukua muda mrefu zaidi kuiva. Akaigeuza kwa kijiko, akaongeza maji ya moto, safari hii sikumuuliza kiasi gani. Alipoitoa akaisuuza na kuifuta kwa ncha ya kanga yangu. Ilikuwa bangili ya mama. Niliifahamu kama mtu anavyomfahamu mtu. Ila ilikuwa nyembamba.

"Dada, ulikuwa unaisugua na nini?"

"Mchanga. Majivu. Kila kitu."

Akaipima kwa vidole, akasema kwa sauti ya chini, si ile ya ualimu. "Ule weusi ulikuwa na fedha ndani yake. Ukiusugua unaondoka na fedha. Njia hii, salfa inakwenda zake, fedha inabaki mahali pake."

Kumbe kila Idi nilikuwa naimwaga fedha ya mama kwenye mchanga, kidogo kidogo, kwa bidii. Hakuna aliyenikosea. Nilisugua kwa sababu nilidhani ni vumbi lililolala tu juu ya bangili, na bangili ilikuwa imeshaoa.

Nitawaambia kilichoniuma, na si kile mnachodhani. Haukuwa wembamba wake. Iliniuma kwamba ule weusi ulikuwa wangu. Kila shamba nililopita lilikuwa mle: umande, petroli, siku nilizolia macho, ada ya shule ya huyo huyo aliyeshika kijiko. Na yeye akauondoa kwa magadi ya maharage kabla chai haijapoa. Rehema akapiga vigelegele peke yake. Nami nikapiga, maana nisingepiga ningeonekana.

Kwenye harusi iling'aa. Watu wa Mnyambe wakaulizana imetoka wapi. Zuhura akasema, "Ni ya mama yetu." Nilisubiri aongeze jina langu. Hakuongeza. Nikarudi Newala na mkono mtupu, na kwa muda mrefu, nikiwa natwanga au nachuma mboga, nilikuwa nausikia wepesi wake.

Sasa mwisho wa habari hii ni wa msimu uliopita tu. Nilikwenda Mnyambe kumjulia hali Rehema, ni kipindi mikorosho imetoa maua. Nilimkuta uani na mumewe, amejifunga kanga puani namna yetu ya zamani, anamjazia mashine. Akaja mbio kunisalimia, mikono yake ya njano. Nikaitazama bangili. Imeingia hudhurungi, na kwa ndani, upande wa kiganja, nyeusi kabisa.

Haukupita muda, pikipiki ikasimama nje, akashuka Zuhura kutoka Masasi. Kapuni alikuwa na sufuria ya alumini, mpya, inang'aa. Alinunua makusudi. Nikajua alishaiona bangili hiyo safari iliyopita.

"Nimeleta dawa," akasema, akabandika maji jikoni hata hajakaa. "Mkono, Rehema."

Rehema akauficha nyuma, akicheka. "Iache, Mama."

"Iache vipi? Inakuwa nyeusi. Ni kampaundi, haitatoka kwa kunawa. Nimekueleza."

"Umenieleza. Nimeelewa kabisa." Akaacha kucheka. "Nyeupe ilikuwa ya harusi. Hii nimeipata mwenyewe. Nitamwoshea binti yangu siku yake ikifika, kwa sufuria yako hiyo hiyo. Sasa hivi inafanana na ya Mama mkubwa."

Hakunitazama alipolisema. Alilisema kama mtu anavyosema maua yametoka, akarudi kwenye mashine.

Nilifurahi. Mwili wote ulifurahi. Nilijiona nimesimama, kwa mara moja maishani, upande mzuri wa upepo. Nikamgeukia Zuhura nimwonyeshe furaha yangu, aione vizuri.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko na pakiti ya magadi mkononi, haijafunguliwa. Alikuwa akiutazama mkono wa mwanawe, kisha akautazama mkono wangu, pale kwenye kifundo, ambapo ile pete ya weupe haijafutika mpaka leo.

"Mimi sikuivaa hata siku moja," akasema. "Si nyeupe, si nyeusi."

Nalijua jicho alilokuwa nalo. Nimetembea nalo tangu siku ya sumaku. Ni jicho langu, na sikuwahi kuliona kutoka upande ule linakotazama. Linachosha kulitazama.

Nilimnyang'anya pakiti ya magadi nikaiweka mbali, juu ya kinu. Nikachuchumaa karibu yake.

"Mwalimu," nikamwambia, "maji yameshachemka, na hapa uwandani hatumwagi maji. Tia majani ya chai."